Mtego wa Mwanga wa Daktari Siwatu

Kuna nchi ambayo jina lake siwezi kulitaja, kwa sababu jina hilo limo mikononi mwa Kamati ya Kitaifa ya Kutafuta Jina Linalofaa, na kamati hiyo ina mwaka wa kumi na nne sasa inatafuta. Wananchi wake wanaishi kwa furaha, kama walivyoelekezwa. Wana wizara thelathini na tisa, kila moja na bendera yake, na wana Chuo Kikuu kimoja ambacho kina geti zuri sana.

Ndani ya geti hilo, katika chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu, alifanya kazi mwalimu wa fizikia aliyeitwa Daktari Siwatu Kilindo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwembamba, mwenye haraka ya kusema, na vidole vyake vilijaa makovu madogo ya bisibisi. Kwa miaka tisa alifundisha somo la mwanga bila kifaa chochote. Leza aliichora ubaoni. Wanafunzi nao waliichora kwenye mtihani, na mwenye kalamu nyekundu alipata alama nzuri kuliko mwenye kalamu ya bluu, maana mchoro wake ulikaribia zaidi ukweli.

Mwaka wa kumi alichoka. Akamfuata Mzee Ngoda, fundi wa karakana ya chuo, mtu wa maneno machache aliyebakiza miaka mitatu astaafu, akamwambia, "Mzee wangu, nataka tutengeneze mtego wa mwanga."

"Wa kunasa nini?"

"Vitu vidogo kuliko vumbi."

Mzee Ngoda akatazama dari. "Vidogo hivyo vimekukosea nini, Mama Mwanamvua?"

Akamweleza. Mwali wa leza ukiupitisha kwenye lenzi kali ya hadubini, ukaukusanya mpaka ukawa nukta, ile nukta inaweza kushika kitu kidogo kinachoelea majini na kukivuta huku na huku, pasipo mkono wala koleo kukigusa. Duniani wenzao walikuwa na mitambo ya namna hiyo, ila iliuzwa mizima mizima, kila mmoja na kazi yake moja, na chuo hakingeweza kuota hata boksi lake. Siwatu alitaka wa kwao uwe wa kufungua na kufunga: vipande vichache vinavyohama, vya kufundishia na vya kufanyia utafiti.

Iliwachukua miaka miwili. Leza waliitoa kwenye mashine mbovu ya kuchonga maandishi kwenye mbao. Hadubini ilitoka zahanati iliyofungwa. Mzee Ngoda alitoboa matundu mia nne kwenye bamba la alumini, yote yakipishana sawasawa, ili kioo au lenzi iweze kufungwa popote na kuhamishwa. Bamba likawekwa juu ya kipande kizito cha terazo, na terazo ikalazwa juu ya mipira minne ya ndani ya matairi iliyojazwa upepo kidogo, ili mtikisiko wa malori ya barabarani usifike juu.

Mtego ukafanya kazi. Asubuhi wanafunzi walinasa punje za plastiki na kupiga makofi. Saa sita Mzee Ngoda alifungua skrubu nane, akahamisha vioo viwili, na mtambo uleule ukawa na miali miwili: chembe moja ya damu ilishikwa pande mbili, ikavutwa, ikaachiwa, na kamera ikapima inarudi kwenye umbo lake kwa haraka gani. Chembe nzima hurudi mara moja. Chembe iliyokakamaa hurudi kwa uvivu.

Hapo ndipo palipokuwa na moyo wa Siwatu. Binti yake, Mwanamvua, miaka kumi na miwili, alizaliwa na selimundu, ugonjwa unaokakamaza chembe za damu. Dawa ilikuwapo, lakini mtoto mmoja humfaa kidonge kimoja, mwingine viwili, mwingine hata ukimpa kumi haimsaidii. Daktari Lusajo, mama wa wodi ya watoto, kwa miaka yote alikuwa anabahatisha, na kila alipobahatisha vibaya aliliona kosa lake limelala kitandani linalia. Tangu mtego uanze kazi, kila Jumanne alileta vichupa kumi na kimoja vya damu, na kila Alhamisi alipata majibu. Kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Mwanamvua. Msichana akaanza kwenda shule siku tano kwa wiki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akagombana na mwalimu wa nidhamu, jambo ambalo mama yake alilifurahia kwa siri.

* * *

Balaa lilianzia kwenye orodha. Mwisho wa mwaka chuo kilitakiwa kuorodhesha mali zake, na karani aliyepita kwenye ile stoo aliandika: Viti vibovu, sitini. Mtego, mmoja.

Orodha ikaenda serikalini, na serikali ya nchi hiyo husoma kila kitu. Baada ya siku kumi, Wizara ya Mitego, Nyavu na Mashimo ilituma wakaguzi. Walikuja maofisa sita wakiongozwa na Katibu Mkuu mwenyewe, Bwana Fulgensi Kidumu, na nyuma yao ofisa wa saba aliyebeba kiti cha Katibu Mkuu, kwa kuwa Katibu Mkuu hakalii viti asivyovijua.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Siwatu.

"Marahaba. Mtego uko wapi?"

"Ni huu hapa."

Bwana Kidumu akauzunguka. "Unanasa mnyama gani?"

"Haunasi mnyama, Mheshimiwa. Unanasa punje, bakteria, chembe za damu."

"Damu ya mnyama gani?"

"Ya watu."

Bwana Kidumu akamgeukia karani wake. "Andika: mtego wa watu."

"Hapana, Mheshimiwa, chembe tu..."

"Chambo chake?"

"Hauna chambo. Ni mwanga."

"Mwanga wa nani?"

"Wa leza. Inachomekwa pale kwenye soketi."

"Soketi ya Serikali?"

"Ya chuo."

"Basi ni mwanga wa Serikali. Andika: mtu binafsi anatumia mwanga wa Serikali kunasa watu."

Wakati huo ilikuwa saa sita, na Mzee Ngoda, ambaye hakuzoea kusimama tu, alishaanza kufungua skrubu zake nane. Bwana Kidumu akamwona.

"Huyu anafanya nini?"

Siwatu akajisikia nafuu. Hili aliliona ni swali la kitaalamu, akalijibu kwa furaha ya mtu aliyesubiri miaka kuulizwa. "Anaubadilisha, Mheshimiwa. Asubuhi ni wa kufundishia, mchana ni wa utafiti. Kesho ukitaka tupime bakteria, tunahamisha lenzi hii tu. Mtu wa shule ya kata naye anaweza kujenga wake kwa vipande vichache, akauongeza kadiri anavyopata."

"Ngoja nielewe," alisema Bwana Kidumu, na sauti yake ilishuka. "Mtu akiuliza leo hiki ni kitu gani, anapewa jibu moja. Akirudi kesho, anapewa jibu jingine."

"Ndiyo. Huo ndio uzuri wake."

"Hapa nchini kitu cha namna hiyo kina jina. Kinaitwa kigeugeu."

Maofisa sita wakarudi nyuma hatua moja. Yule wa saba akakumbatia kiti.

Msomaji mgeni aelezwe kwamba nchi hiyo ina Sheria ya Uthabiti wa Watu na Vitu. Ilipitishwa mwaka ule mawaziri watatu walipohama chama wakarudi ndani ya juma moja, na inasema kila mtu na kila kitu kitakuwa na msimamo mmoja. Kwa sheria hiyo mwavuli uliosajiliwa kwa mvua haufunguliwi juani, na mwalimu wa hesabu haruhusiwi kuimba hadharani. Ni sheria nzuri. Imeleta utulivu mkubwa, hasa miongoni mwa miavuli.

Mtego ukazungushiwa utepe mwekundu, ukapigwa lakiri tatu. Ilikuwa Jumanne. Vichupa kumi na kimoja vilikuwa mezani.

* * *

Siwatu alianza kuzunguka. Alikwenda Wizara ya Mitego kuomba utepe uondolewe, akaambiwa alete Cheti cha Kitu Kimoja kutoka Wizara ya Uthabiti. Wizara ya Uthabiti ikamwambia cheti kinahitaji jina moja la kifaa na kazi moja. Aliandika "kushika vitu vidogo". Wakamrudishia: vitu ni vingi, taja kimoja. Akaandika "kushika chembe ya damu". Wakampeleka Idara ya Damu, ambako dada mmoja mwenye kucha ndefu za zambarau alimwuliza ni chembe ipi, aitaje kwa jina la mwenyewe na namba ya kitambulisho.

"Dada yangu, ndani ya tone moja zimo mamilioni."

"Basi zije kwa foleni," alisema yule dada, bila ubaya wowote.

Mwezi wa pili akaitwa mbele ya Kamati Maalumu ya Kuuchunguza Mwanga, wajumbe kumi na wanne. Walitaka kuona punje ikinaswa. Akawaambia inawezekana wakiondoa utepe. Wakasema utepe hauwezi kuondolewa kabla ya uchunguzi. Wakajadili kwa siku mbili wangeona nini kama wangeona. Mjumbe mmoja aliyeheshimika sana aliuliza: kama kweli mwanga unashika vitu, mbona yeye huota jua barazani kila siku na hajawahi kunata ukutani? Swali hilo lilishangiliwa. Siwatu alisimama ajibu, akaambiwa swali lile lilikuwa jibu. Kura zikapigwa, na kwa kura tisa dhidi ya tano ikaamuliwa kwamba mwanga haushiki kitu. Mtego ukabaki na utepe, hata hivyo, kwa sababu kifaa kisichofanya kazi kinaweza kubadilika kikaanza kufanya.

Alicheka alipotoka mle. Alicheka peke yake kwenye ngazi mpaka mlinzi akamletea maji.

Mwanamvua alikuwa amerudi wodini. Miguu ilimuuma kama inayosagwa, na msichana ambaye mwezi uliopita alikuwa anabishana na walimu sasa alikuwa akiuma shuka ili asiwaamshe watoto wa vitanda vya jirani. Daktari Lusajo alimvuta Siwatu pembeni, karibu na sinki.

"Niambie nifanye nini. Kidonge kimoja nilichompa hakitoshi, au dawa imemkataa? Kama hakitoshi, nimpe viwili. Kama imemkataa nikampa viwili, nitamshushia damu aliyo nayo, na hana ya kupoteza."

"Sijui."

"Zamani ulikuwa unajua."

"Zamani nilikuwa na macho, Lusajo. Wameyafunga utepe."

"Nina kumi wengine," alisema Lusajo. Akasita. "Nilikuwa nao kumi. Wako tisa sasa."

Siwatu hakuuliza nani. Alirudi kitandani akakaa, na Mwanamvua bila kufumbua macho akamwuliza, "Mama, leo umenipima?"

"Bado, mwanangu."

"Kesho?"

Siwatu akamrekebishia mto.

* * *

Mwezi wa nne Bwana Kidumu alimwita ofisini. Alikuwa amebadilika uso, kwa kiwango ambacho sheria inaruhusu. Alimpa chai.

"Daktari, una bahati. Mtukufu Kiongozi amesikia habari za mtego wako. Amesema: nchi ambayo inaweza kunasa mwanga wake yenyewe, hiyo ni nchi. Ataufungua rasmi Siku ya Uthabiti."

"Unanasa kwa mwanga, Mheshimiwa. Haunasi mwanga."

"Amesema unanasa mwanga," alisema Bwana Kidumu kwa upole. "Sasa, utepe tutauondoa. Sharti moja. Usibadilike tena. Vipande vyote vichomelewe kwenye bamba, kimoja kimoja, milele."

Siwatu aliweka kikombe chini. Aliwafikiria wanafunzi wake mia na ishirini, waliomaliza muhula mwingine wakichora. Aliifikiria michoro ya kujengea mtego aliyotaka kuipeleka shule za kata. Kisha akamfikiria Mwanamvua akiuma shuka, na aibu ikampanda, kwa kuwa haikumchukua hata muda wa kumeza chai ile kuamua.

"Uchomelewe ukiwa katika mkao wa damu," alisema. "Miali miwili. Na baada ya sherehe ukae hospitali. Nakuomba, Mheshimiwa. Wanafunzi nitawaambia mimi mwenyewe."

"Ombi lako limesikika," alisema Bwana Kidumu. Katika nchi hiyo, maneno hayo huwa hayamaanishi kitu.

Mzee Ngoda alipoambiwa, alikaa juu ya kiti kibovu. "Mama Mwanamvua, moto wa kuchomelea utalikunja bamba. Mwali ukihama upana wa unywele, umekosa kila kitu. Waombe tutumie gundi."

Akaomba gundi. Bwana Kidumu alisikitika. "Gundi ni ya watu wenye mashaka," alisema.

Akaletwa mchomeleaji kutoka jeshini, kijana mwenye nidhamu ambaye kazi yake ilikuwa vifaru. Alifanya kazi kwa saa tano. Alipomaliza, bamba lilikuwa limebinuka kama ulimi wa mtu mwenye kiu, na mwali wa leza, badala ya kuingia kwenye lenzi, ulikuwa umetulia ukutani, juu kidogo ya ile picha ya Mtukufu Kiongozi ambayo sheria inataka iwepo katika kila chumba. Siwatu aliomba siku tatu za kuunyoosha. Sherehe ilikuwa kesho.

Sherehe ilifana. Bendi saba zilipiga wimbo mmoja. Mtukufu Kiongozi, mzee mkubwa wa mwili na mpole wa sura, alihutubia kwa saa mbili na nusu.

"Wenzetu wa nje wamenasa samaki," alisema. "Wamenasa wezi, wamenasa hata mawimbi ya redio. Sisi hatukutaka mambo madogo. Tumekwenda moja kwa moja kwenye mwanga! Na tukishaunasa, ndugu zangu, hauponyoki, maana tumeuchomelea!"

Watu wakashangilia. Akainama kwenye hadubini. Ndani hamkuwa na mwali, hamkuwa na chembe, hamkuwa na kitu. Akakaza jicho. Uwanja mzima ukabana pumzi.

"Naona msitu," alisema Mtukufu Kiongozi.

Siwatu, aliyesimama nyuma yake, alijua anachokiona. Kila mwanafunzi wa siku ya kwanza akibanisha jicho kwenye hadubini hukiona. Zilikuwa kope zake mwenyewe.

"Msitu mnene," aliendelea Mtukufu Kiongozi kwa mshangao wa kweli. "Unatikisika!"

Jioni ile redio ilitangaza kwamba msitu umenaswa. Wizara ya Misitu ilipongezwa. Kesho yake mtego ukawekwa ndani ya kabati la kioo kwenye ukumbi wa pale getini, chuo kikapewa mlinzi wa kuulinda, na Bwana Kidumu akapanda cheo. Siwatu alipomkumbusha kuhusu hospitali, alimjibu kwa barua kwamba mtego sasa ulikuwa mnara wa taifa, na minara haihami.

* * *

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, Lusajo alipiga simu. Hakusalimia.

"Mwanamvua ugonjwa umemfika kifuani. Anapumua kwa shida. Nina mpaka kesho jioni kuamua, Siwatu. Baada ya hapo sina cha kuamua."

Siwatu alikwenda karakana. Mzee Ngoda alikuwa ananoa tindo. Siwatu alichukua msumeno wa chuma ukutani, akasimama nao. Mzee Ngoda akamtazama, akachukua wa pili.

Mlinzi wa mtego aliitwa Kombo, mtu wa makamo, mwenye sare iliyopigwa pasi na daftari kubwa la wageni. Alisimama alipowaona.

"Karibuni. Andikeni jina, namba ya simu, na sababu ya kuja."

Siwatu aliandika jina lake lote. Kwenye sababu ya kuja aliandika: Kukata.

Kombo akasoma. Akasoma tena. Akavaa miwani akatazama bango la masharti ukutani, akalifuata kwa kidole. "Ni marufuku kugusa kioo. Ni marufuku kupiga picha. Ni marufuku kuegemea. Ni marufuku kula karanga." Akafika chini. Akarudi juu. "Kukata hakumo."

"Hakumo," alisema Siwatu.

Kombo akamtazama usoni kwa muda. Sijui aliona nini. Mimi nilichoambiwa ni kwamba alikuwa na watoto wanne, na mmoja hakuwahi kufika darasa la pili.

"Lakini kugusa kioo ni marufuku," alisema hatimaye, akatoa funguo. "Kwa hiyo itabidi niwafungulie mimi."

Walikata kwa saa mbili. Watoto wa shule ya msingi waliokuwa kwenye ziara walikaa chini kutazama, na mwalimu wao aliwaambia waandike kila kitu, akiamini ni sehemu ya maonyesho. Kila kipande kilipoachia, watoto walipiga makofi. Siwatu alikuwa analia huku anakata, machozi na unga wa chuma vikichanganyika usoni, na mtoto mmoja aliandika katika daftari lake kwamba kazi ya sayansi ni ngumu. Mwalimu alimpa vema.

Waliviweka vipande kwenye toroli la mashuka, wakavisukuma hadi chumba cha kufulia cha hospitali. Bamba la kale halikufaa tena, wakaliacha. Chumba kile kilikuwa na meza ya zege nzito kama kaburi. Lusajo aliamuru mashine za kufulia zizimwe. Mzee Ngoda akatoboa matundu kwenye zege lenyewe, akafunga lenzi, akafunga vioo, na ule mtego uliobuniwa ili ukae popote ukaanza kukaa pale. Ijumaa saa nane mchana mwali ulipita katikati ya lenzi. Siwatu alidondosha tone la damu ya binti yake juu ya kioo, akatafuta chembe, akaishika.

Hapo mlango ukafunguliwa. Wakaingia askari watano na inspekta mnene mwenye karatasi mkononi.

"Siwatu Kilindo, uko chini ya..."

"Tembeeni taratibu!" alisema Siwatu bila kugeuka. "Sakafu inatikisika. Nakuombeni. Dakika tisa tu."

Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho inspekta hakukipata kwenye mafunzo. Akavua viatu. Askari nao wakavua. Wakasimama kwa soksi, migongo ukutani, katika harufu ya sabuni na dawa ya madoa, wakatazama kwenye skrini ya kamera chembe moja nyekundu ikivutwa kama ute, ikiachiwa, ikirudi. Ikavutwa. Ikaachiwa. Ikarudi. Akashika nyingine, na nyingine. Inspekta alijikuta anahesabu kimoyomoyo.

Siwatu aliandika namba, akazilinganisha, akachukua simu.

"Lusajo. Dawa haijamkataa. Dozi ni ndogo tu. Mpe viwili."

"Una hakika?"

"Mpe viwili sasa hivi."

Akakata simu. Akajifuta mikono kwa shuka safi lililokuwa karibu, akamgeukia inspekta, akamnyooshea mikono.

* * *

Alishtakiwa kwa kosa la kumiliki kigeugeu na kukifanya kigeuke. Akawekwa mahabusu kungoja kesi.

Sheria ya nchi ile, kama nilivyosema, ni nzuri, na tena ni makini. Ili shtaka lisimame, kielelezo lazima kithibitishwe kwamba kweli kinageuka. Mahakama haikuwa na sakafu imara, hivyo kielelezo kikaachwa palepale kwenye chumba cha kufulia. Ilihitajika mtu mwenye ujuzi wa kukitunza, na mwenye ujuzi alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo mashtaka ya Mzee Ngoda yakasogezwa mbele mpaka atakapomaliza kuwa Mtunza Kielelezo, na kustaafu kwake kukazuiwa kwa amri. Kila Jumanne, mbele ya ofisa wa mahakama, alitakiwa akigeuze kielelezo. Asubuhi aliwaita wanafunzi wa chuo kama mashahidi, wakanasa punje za plastiki. Mchana alifungua skrubu nane, akapima vichupa vya Daktari Lusajo. Ofisa alitia saini: Kimegeuka.

Amri ya mwisho ya sheria hiyo inasema hivi: kesi ikiisha, ashinde yeyote, kielelezo kitateketezwa siku hiyohiyo.

Siwatu alikaa mahabusu mwezi wa kwanza, wa tatu, wa nane. Chakula kilimpita kooni kwa shida, akakonda mpaka sare ikawa inamzunguka. Mwanamvua aliruhusiwa kuja mara moja kwa mwezi, upande wa pili wa waya, dakika kumi. Alirefuka. Mwezi wa sita alikuja ameota matiti, na Siwatu, aliyepaswa kumweleza mambo fulani, alilazimika kumweleza kwa kupiga kelele juu ya kelele za wengine. Usiku huo hakula kabisa.

Mwezi wa kumi na moja alikuja wakili wake, Bi Mshihiri, akitabasamu tangu mlangoni.

"Mama Mwanamvua, kaa chini. Upande wa mashtaka umechoka. Bwana Kidumu amehamishiwa Wizara ya Mapazia, hakuna tena anayeitaka kesi hii. Jumatatu hakimu anaifuta. Saa sita mchana utakuwa nyumbani kwako."

Siwatu alishika ukingo wa meza. Aliona jiko lake, aliona mlango wa chumba cha binti yake, aliona jinsi angegonga kabla ya kuingia, kwa kuwa sasa ni msichana mkubwa.

"Na kielelezo?"

"Kitateketezwa saa nane." Bi Mshihiri aliacha kutabasamu. "Sheria ni sheria. Ila wewe utakuwa huru."

"Lusajo ana watoto wangapi kwenye orodha sasa?"

"Fundi wako aliniambia thelathini na wanne. Kuna wanaotoka hata mikoani."

"Mwanangu bado anapimwa?"

"Kila Jumanne."

Dirisha la chumba kile lilikuwa juu sana, na nje wafungwa walikuwa wanafagia uwanja ambao ulishafagiliwa asubuhi. Siwatu alisikiliza mafagio. Alipozungumza, alizungumza polepole, yeye aliyekuwa na haraka ya kusema maisha yake yote.

"Bi Mshihiri, mwambie hakimu naumwa. Siwezi kufika Jumatatu."

"Unaumwa nini?"

"Omba kesi iahirishwe."

Wakili akafungua mkoba wake, akatoa karatasi ya maombi, akaiweka mezani na kuinyoosha kwa kiganja.

"Hadi lini?" aliuliza.

"Andika mwaka mmoja," alisema Siwatu. "Mwakani tutaomba tena."